Mwenye Kovu Usidhani Kapoa: Askari wa Mdachi na Maisha Yake ya Baadaye katika Riwaya ya Afterlives

Utangulizi

Katika toleo hili tumependa kuhakiki riwaya ambayo haikuandikwa kwa Kiswahili. Tunajua baadhi ya wenzetu watauliza: kwani kazi za Kiswahili zimekwisha? Hazijaisha. Lakini Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, iliyochapishwa mwaka 2020, ni riwaya ya Kiingereza ambayo wahusika wake wengi huzungumza, hupenda, hugombana na huswali wakiwa ndani ya Kiswahili. Zaidi ya hayo, inazungumzia jambo linalotugusa sisi tulio Bujumbura kuliko tunavyopenda kukiri, nalo ni maisha ya Mwafrika aliyekuwa askari wa mkoloni, kisha vita vikaisha, akalazimika kuishi tena na watu.

Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana na kuhamia Uingereza, ambako alifundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent kwa miaka mingi. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mwaka 2022 riwaya yake ya Paradise, ya mwaka 1994, ilitoka kwa Kiswahili ikiitwa Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Waliosoma Peponi watakumbuka kwamba mwishoni kijana Yusuf anakimbilia msafara wa askari wa Kijerumani. Afterlives haimtaji Yusuf, lakini Hamza, mhusika tutakayemjadili hapa, ni kama kijana yule tunayemkuta tena baada ya kukimbilia kule.

Hoja yetu ni moja. Tunaona kwamba riwaya hii inaonesha vizuri jinsi mji wa Waswahili unavyompokea askari aliyevunjika kwa njia ya sitara, yaani kwa kumfunika na kutomhoji. Sitara hiyo inamponya kiasi. Lakini maswali yasiyoulizwa hayafi, huenda kwa watoto. Na kuna watu ambao sitara hiyo haiwafikii kabisa, nao ni wale waliopitiwa na majeshi. Hapo ndipo msomaji wa kando ya Ziwa Tanganyika anapoanza kutofautiana na riwaya.

Askari anarudi mjini

Kwa ufupi, Hamza ni kijana aliyekuwa rehani kwa mfanyabiashara kwa sababu ya madeni ya baba yake. Anatoroka utumwa huo kwa kujiandikisha kwa hiari katika jeshi la kikoloni la Wajerumani, Schutztruppe. Ofisa mmoja, ambaye riwaya haimtaji kwa jina ila kwa cheo cha Oberleutnant, anamfanya mtumishi wake na kumfundisha Kijerumani, kwa kujifurahisha, ili siku moja aweze kumsoma Schiller. Vita vya Kwanza vya Dunia vinaanza mwaka 1914. Vinapokaribia mwisho, mwanajeshi mwingine wa Kijerumani anamkata Hamza kwa upanga kwa hasira. Anaachwa katika misheni, anauguzwa na mchungaji na mkewe, na hatimaye anarudi katika mji wa pwani alioishi utotoni akiwa anachechemea.

Mji huo hautajwi jina. Kuna bandari, maghala, msikiti na nyumba zenye baraza. Hamza anafika bila ndugu na bila fedha. Nassor Biashara anampa kazi ghalani, kisha katika karakana ya seremala. Khalifa, mzee mwenye ulimi mkali na moyo laini, anampa chumba cha kulala uani kwake. Humo anakutana na Afiya, msichana ambaye kaka yake, Ilyas, naye alijiunga na jeshi hilohilo na hajarudi. Wanapendana na kuoana.

Ukiitazama kwa haraka, hii ni hadithi ya mapenzi tu. Lakini tazama jinsi mji unavyomtendea mgeni huyu. Wanaona kovu lake na wanaona mguu wake. Kila mtu mjini anajua vita vilivyopita vilikuwa vya namna gani. Hata hivyo, barazani, Khalifa, Maalim Abdalla na Topasi wanazungumza siasa za dunia nzima na umbeya wa mtaa mzima, lakini kumhoji Hamza alifanya nini kule bara si jambo wanalolishikilia. Khalifa, ambaye hana subira na mtu, anapapasa kidogo, kisha anamwacha. Mwanamume anapewa kazi kwanza, chumba pili, mke tatu. Maelezo yatakuja yakitaka.

Waswahili husema, funika kombe mwanaharamu apite. Kwa kawaida tunaitumia methali hii kwa maana ya kuficha aibu. Gurnah anaionesha kwa upande wake mwema: kumfunika mtu ni kumpa nafasi ya kuwa mtu tena kabla hajawa habari. Na uponyaji wenyewe hauji kwa maneno. Unakuja kwa kazi ya mikono, kwa mbao na randa, kwa ukimya wa fundi mzee anayemfundisha bila kumuuliza. Katika kazi nyingi za vita tulizozisoma, askari aliyerudi hulewa, hupiga mke au hujiua. Hamza anajifunza useremala. Hili si jambo dogo kifasihi, kwani ni vigumu sana kuandika utulivu bila kumchosha msomaji.

Ubeti wa Schiller na masikio mengi

Mahali tunapopapenda zaidi, na ambapo tungependa kila mwalimu apasome darasani, ni pale Hamza anapomwandikia Afiya ubeti wa mapenzi. Hautungi mwenyewe. Anautoa katika kitabu cha Kijerumani alichoachiwa na yule ofisa, Musen-Almanach cha mwaka 1798, na anautafsiri. Ni ubeti wa shairi la Schiller liitwalo Das Geheimnis, yaani Siri. Gurnah anauweka kwa Kiswahili katikati ya riwaya ya Kiingereza.

Tuangalie mambo matatu hapa. Kwanza, lugha aliyofundishwa kwa dhihaka, kama mtu anavyomfundisha kasuku, inageuka kuwa mali yake, na matumizi ya kwanza anayoyachagua ni kumwambia mwanamke anampenda. Pili, tafsiri ya Hamza haifuati vina wala mizani. Wazee wetu wa ushairi wangemkemea, na wangekuwa na haki yao. Lakini mtu huyu si malenga. Ni seremala anayetafuta neno la Kiswahili litakalokaa mahali pa neno la Kijerumani bila kuyumba, kama kiungo cha mbao. Tatu, na hili ndilo kubwa, maudhui ya ubeti wenyewe ni ya mtu asiyeweza kusema analotaka kwa sababu waliotega masikio ni wengi, kwa hiyo macho ndiyo yanayosema. Hamza angeweza kuchagua ubeti wowote. Amechagua huu. Ndani ya mji wa sitara, ambapo kila ukuta una sikio, mapenzi na vita vyote viwili vinasemwa kwa macho.

Afiya naye anastahili neno. Alipokuwa mtoto, mlezi wake alimvunja mkono kwa kosa la kujifunza kuandika. Kwa hiyo barua ya mapenzi inamfikia mtu ambaye amelipia kusoma kwa mfupa wake. Wote wawili wana kovu, la mguu na la mkono. Gurnah hasemi hivyo. Anaviweka viungo hivyo viwili katika nyumba moja na kumwachia msomaji.

Mtoto anayeuliza

Laiti riwaya ingeishia hapo, tungekuwa na hadithi njema na isiyo ya kweli. Gurnah haishii hapo. Hamza na Afiya wanapata mtoto wa kiume, wanampa jina la mjomba aliyepotea, Ilyas. Mtoto anapokua anaanza kunong'ona peke yake. Sauti ya mwanamke inatoka kinywani mwake ikimuulizia Ilyas. Wazazi wanahangaika, na hatimaye anaitwa mganga ili aliyempanda mtoto aseme anachotaka. Anachotaka ni kujua Ilyas yuko wapi.

Wapo wahakiki watakaosema hii ni imani ya mashetani iliyowekwa ili kumfurahisha msomaji wa Ulaya. Hatukubaliani nao. Anayejua maisha ya pwani, na hata ya mitaa yetu hapa Buyenzi na Bwiza, anajua kwamba ngoma ya kupunga pepo ni mahali ambapo nyumba hulazimika kusikiliza neno lililokatazwa sebuleni. Kwa hiyo Gurnah ametumia chombo cha utamaduni wenyewe kuonesha kasoro ya utamaduni wenyewe. Watu wazima walifunika kombe. Mwanaharamu alipita. Lakini yaliyomo kombeni yamebaki, na mtoto ndiye aliyelewa harufu yake. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Mjomba Ilyas, tunakuja kujua mwishoni, alifika Ujerumani, akaishi huko akiimba, akashiriki maandamano ya waliotaka Ujerumani irudishiwe makoloni yake wakati wa Wanazi, kisha akakamatwa kwa uhusiano na mwanamke Mjerumani. Akafia katika kambi ya Sachsenhausen. Anayegundua haya ni mpwa wake, Ilyas mdogo, baada ya kupata nafasi ya mafunzo Ujerumani katika miaka ya 1960.

Hapa tuna malalamiko yetu ya kwanza. Sehemu hii ya mwisho inakwenda mbio. Riwaya iliyotembea kwa mwendo wa seremala ghafla inakuwa faili la nyaraka. Tunaelewa sababu: maisha ya mjomba yamebaki katika makaratasi ya Kijerumani tu, kwa hiyo yanasimuliwa kimakaratasi. Hata hivyo tulitamani kumwona Hamza akipokea habari hizo. Yeye ndiye aliyerudi. Ilyas ni yule ambaye Hamza angeweza kuwa. Kuwakutanisha wawili hao, hata kwa barua, kungekuwa kilele cha kazi hii.

Mwalimu wa Kiswahili wa Berlin

Wasomaji wetu wanafaa kujua kwamba kisa cha mjomba Ilyas hakikuzuka hewani. Yupo mtu wa kweli mwenye maisha yanayofanana sana na hayo, na alikuwa mwenzetu kwa kazi. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani. Mtoto huyu naye aliingia jeshini akiwa bado mdogo kabisa wakati wa Vita vya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin na kudai mishahara ya vita ambayo baba yake na yeye hawakulipwa. Wakamkatalia. Akafanya kazi ya kuhudumu katika jumba la starehe, akaigiza katika filamu, na akafundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin, akiwa msaidizi wa maprofesa ambao majina yao tunayakuta katika historia ya taaluma yetu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa Sachsenhausen, na akafa humo tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 kibao kidogo cha kumbukumbu kiliwekwa njiani Berlin, mahali alipoishi.

Tunaposoma historia ya ufundishaji wa Kiswahili Ulaya, tunatajiwa kamusi na sarufi. Mara chache tunatajiwa mtu aliyekaa mbele ya darasa akitamka maneno ili wengine wayaandike. Huyu alikuwa askari mtoto wa Dar es Salaam aliyedai haki yake, akapewa chaki badala ya mshahara, kisha akapewa kifo. Hili peke yake linatosha kuwafanya wanafunzi wetu waisome Afterlives.

Wasiokuwa na baraza

Sasa tuje kwenye malalamiko ya pili, ambayo ni mazito zaidi. Tumeisoma riwaya hii tukiwa Jabe, si pwani. Kutoka hapa sokoni hadi ziwani ni mwendo mfupi, na ziwa letu lina mawimbi, bandari na wavuvi wa ndagala. Lakini sisi si watu wa mji ambao askari alirudi. Sisi ni watu wa nchi ambayo askari alipita.

Wajerumani, ambao Warundi waliwaita Abadagi, waliweka kituo cha kijeshi Usumbura mwishoni mwa karne ya 19. Askari, wapagazi na wafanyabiashara walikuja na Kiswahili, na kijiji cha Waswahili kikakua karibu na ziwa. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Rwanda na Burundi, yakaitwaa Usumbura mwezi Juni, na tarehe 19 Septemba yakaingia Tabora. Majeshi yote, ya Wajerumani, ya Wabelgiji na ya Waingereza, yalikula chakula cha wakulima na kubebesha mizigo vijana wao. Upande wa Waingereza peke yake unakadiriwa kuwa ulitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, na waliokufa miongoni mwao ni makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa. Wajerumani waliweka silaha chini Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Gurnah hafichi ukatili huo. Anaeleza vijiji vilivyochomwa, ghala zilizoporwa na njaa iliyofuata. Lakini angalia sarufi yake. Anapofika hapo, kwa kiasi kikubwa kiima kinakuwa ni askari kwa jumla, ni wao, ni jeshi. Anaporudi kwa Hamza peke yake, Hamza anapiga pasi sare za ofisa, anajifunza vitenzi vya Kijerumani, anatukanwa, anajeruhiwa. Kumweka karibu na ofisa kumemwezesha mwandishi kumwepusha na ghala la mkulima. Tunampenda Hamza, na tumebaki na swali: mikono iliyoranda mbao pwani ilifanya nini kule bara? Mji wake haumuulizi. Je, mwandishi naye amesitiri?

Huenda jibu ni kwamba ndiyo, na kwa makusudi. Huenda Gurnah anataka tuhisi kwamba hata yeye, msimulizi anayejua yote, anamwonea haya mgeni huyu. Kama ni hivyo, ni ujanja mzuri wa kifani. Lakini sitara ni haki ya mwenye nyumba na wageni wake. Mwanamke aliyeporwa mtama wake hana baraza katika riwaya hii, hana jina, wala hana mtoto wa kunong'ona kwa niaba yake. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi hazikuandikiwa sura.

Kwa nini jambo hili ni letu

Kila mwalimu wa Kiswahili nchini Burundi anajua uzito wa neno Mswahili. Mtaani, kumwita mtu Mswahili si lazima kutaja lugha yake. Mara nyingi ni kumwita mjanja, mwongo, mtu asiyeaminika. Wanafunzi wetu hulijua tusi hilo kabla ya kujua ngeli. Sisi walimu hujibu kwa kusema Kiswahili ni lugha ya umoja, ya biashara na ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo nchi yetu iliingia mwaka 2007, na kwamba UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Yote hayo ni kweli. Lakini kwa kusema hayo tu tunafunika kombe. Lugha hii iliingia hapa pamoja na bunduki na kamba za mizigo, na iliingia pia pamoja na sala, chumvi, nguo na mapenzi. Wengi wa wazee wa mitaa yetu ni wajukuu wa pande zote mbili: wa aliyepita na wa aliyepitiwa. Tukilificha moja tunalifanya la pili liwe uongo, na tusi linapata nguvu.

Ndiyo maana tunawashauri walimu wenzetu wafanye mambo mawili. La kwanza, wasome darasani sura ya barua ya Hamza, na wawape wanafunzi kazi ya kuutafsiri upya ubeti ule, wa kwanza kwa vina na mizani, wa pili bila hivyo, kisha wajadili ni upi ungeaminiwa na Afiya. Zoezi hili linafundisha tafsiri na ushairi kwa pamoja, na halihitaji vitabu vingi. Nakala moja ya ukurasa mmoja inatosha.

La pili linahitaji adabu. Wanafunzi wanaotoka Buyenzi, Bwiza na Jabe wawaulize babu na bibi zao, kwa upole na kwa ruhusa, familia ilifikaje hapa, nani alikuwa askari, nani alikuwa mpagazi, na nani alimkuta mwenzake hapa. Asiyetaka kusema asisumbuliwe. Atakayesema, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, kwa Kiswahili chake cha Bujumbura, bila kusahihishwa kuwa sanifu.

Hitimisho

Afterlives ni riwaya nzuri, na katika sehemu yake ya tatu, ya kurudi kwa Hamza, ni nzuri sana. Inatufundisha kwamba mtu aliyetoka vitani anaweza kuponywa na kazi, chumba na mtu wa kumwandikia barua. Ina kasoro mbili: mwisho wake una haraka, na askari wake ni msafi kuliko vita vyake. Tungependa kuiona kwa Kiswahili chenye ufasaha ule wa Peponi, ili isomwe na watu inaowahusu. Na tungependa siku moja mwanafunzi wa idara hii aandike upande wa pili wa hadithi hiyo, akianzia kwenye ghala na si barazani.

Tunakaribisha maoni ya wasomaji, hasa ya wale watakaotupinga kuhusu Hamza.